Aliyesimama Kwenye Tangazo la Ndoa Yake

Tangu Jumapili Mvuke alikuwa anapiga pasi kama mtu anayelipiza kisasi. Mashati yalitoka mezani pake yamenyooka mpaka yanatisha, na kola zilikuwa ngumu kiasi kwamba mteja mmoja alirudisha la kwake akilalamika kwamba linamkata shingo. Mama yake, mwenye duka lile la dobi, alilipokea shati, akalitazama, kisha akamtazama binti yake.

"Wanga wote unaishia kwenye kola," alisema. "Na wewe unaishia wapi?"

"Mama, sina neno."

"Wewe huna neno, lakini nina shati la mtu hapa linasimama lenyewe kama askari."

Mvuke hakucheka. Jina hilo la Mvuke alipewa na wasichana wa dukani kwa sababu alipenda kazi ya pasi ya mvuke, na kwa sababu alikuwa mwepesi, hakai mahali. Siku hizi wepesi wenyewe ulikuwa wa namna nyingine. Alikuwa akianza jambo anaacha, anakwenda mlangoni anatazama barabara, anarudi, anasahau alichokifuata. Simu yake ilikuwa kwenye droo ya vifungo, imezimwa.

Kanisani kwao ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Mchungaji husoma majina ya wachumba, halafu husema: anayejua kizuizi chochote, asimame. Kisha hunyamaza kidogo. Kwa kawaida hakuna anayesimama, isipokuwa mtoto anayetaka kwenda chooni, na huyo hukalishwa na mama yake haraka kabla hajavunja ndoa za watu.

Jumapili iliyopita lilisomwa tangazo la pili. Mchungaji alisema neno "asimame," akanyamaza, na aliyesimama alikuwa bibi harusi mtarajiwa mwenyewe, Mvuke.

Hakuwa na kizuizi. Alichokuwa nacho ni moyo uliokuwa unakimbia kana kwamba unafukuzwa, vidole vilivyokufa ganzi, na kifua kilichokataa kupokea hewa. Alichotaka ni mlango tu. Lakini alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, kama wachumba wanavyokalishwa, na ili kuufikia mlango ilimbidi apite katikati ya kanisa zima lililogeuza shingo. Alipofika nje hakurudi. Alitembea mpaka nyumbani bila kuangalia nyuma.

Kufikia jioni kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema amepata mwanaume mwingine. Wengine walisema ameota ndoto. Mama yake Barafu, yule mchumba wa Mvuke, alisema jambo moja tu na akalisema kwa mchungaji: tangazo la tatu lisisomwe.

Mchungaji alijibu kwamba atasubiri mpaka Jumamosi, kabla hajafunga ofisi jioni. Wachumba wakija wote wawili na kumwambia asome, atasoma. Wasipokuja, ataacha.

Na leo ilikuwa Jumamosi.

Mchana, mke wa mchungaji alikuja kuchukua joho jeupe la mumewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu bapa na mwendo wa mtu anayejua atakapokaa. Alipita kaunta bila kuomba ruhusa, akaingia chumba cha nyuma ambako Mvuke alikuwa anahangaika na mkunjo mmoja begani mwa joho. Alikuwa ameunyoosha, akauharibu, akaunyoosha tena.

"Joho hilo limekukosea nini?"

"Lina mkunjo, mama mchungaji."

"Lina mkunjo tangu mume wangu alinunue. Yeye mwenyewe ndiye aliyepinda bega." Akavuta kiti, akakaa. "Zima pasi hiyo. Utaunguza mahubiri ya kesho."

Mvuke aliizima. Mikono ilipokosa kazi, akaificha kwapani.

"Mama mchungaji, nikuulize. Mtu mwenye imani anaweza kuogopa bila sababu?"

"Inakuwaje hiyo?"

"Inakuja tu. Naweza kuwa nahesabu hanga za nguo, au naoga, mara nahisi nakufa. Ikipita, inaacha uzito. Kuna asubuhi naamka, natazama dari, naona siku nzima imenilalia kifuani na hata mguu siwezi kuushusha. Ilianza baba alipofariki. Nilidhani ni msiba, utaisha. Msiba umekwisha, hii imebaki. Nimeomba, nimefunga, nimekemea kwa jina la Yesu mpaka sauti imekauka. Namwambia Bwana aiondoe, haiondoi. Basi nikajua tatizo ni mimi. Imani yangu ni ya mdomoni."

Alisema haya akitazama sakafu. Alipomaliza, aliinua macho akitegemea kuona huruma, au kile kidole ambacho watu wa kanisani hukinyoosha kabla hawajaanza kukusomea mistari. Mke wa mchungaji alikuwa anavua kiatu na kukanda unyayo.

"Mimi kanisani nakaa wapi?" aliuliza.

"Benchi la nyuma. La mlangoni."

"Kwa nini?"

"Si ndio unawapokea wageni?"

"Wageni wanapokelewa na mzee wa zamu. Mimi nakaa pale kwa sababu mlango uko karibu." Akavaa kiatu. "Baada ya kumzaa wa pili nilishikwa na hiyo hiyo unayosema. Mume wangu anahubiri amani ya Kristo, mimi niko stoo ya kanisa nimekumbatia ndoo, najua nakufa. Nilificha muda mrefu. Mke wa mchungaji, nitamwambia nani?"

Mvuke alimkodolea macho. Alikuwa amemjua mwanamke huyu tangu akiwa darasa la kipaimara.

"Ukaponaje?"

"Nilikwenda kwa daktari, hilo la kwanza, na Jumatatu nitakupeleka wewe. Usinitazame hivyo. Mungu hakukosea alipowapa watu akili ya kusomea udaktari. La pili, nilibadilisha sala. Nilikuwa naomba kama wewe: ondoa, ondoa, ondoa. Kila isipoondoka nahesabu nimeshindwa. Siku moja nikachoka, nikasema, Bwana, kama haiondoki leo, basi njoo ukae hapa nayo na mimi. Kaa hapa. Maneno mawili tu, maana pumzi yenyewe hakuna."

"Ikaondoka?"

"Haikuondoka. Ila tangu siku hiyo sijawahi kuwa nayo peke yangu." Alisimama, akalichukua joho na mkunjo wake. "Yule nabii aliyekaa chini ya mti akaomba afe, unamkumbuka? Mungu alimkemea?"

"Alimpa mkate na maji."

"Na usingizi. Akamwacha alale mara mbili. Kazi baadaye. Wewe hata kulala hulali, unapiga pasi." Akafika mlangoni, akageuka. "Na kijana wa watu mwambie. Anazunguka mtaa huu tangu asubuhi na gari lake kama anatafuta kuku aliyepotea."

Barafu aliingia mchana ukiwa unaelekea jioni. Alikuwa fundi wa majokofu, mrefu, mpole, mwenye mikono iliyokuwa baridi kila wakati na sauti isiyopanda. Leo alibeba suti ya kijivu kwenye mfuko, akasimama kwenye kaunta kama mteja wa kwanza duniani.

"Nimeleta suti," alisema.

Mvuke aliichukua bila kumtazama, akaanza kuandika kikaratasi cha namba. Alihisi macho ya Barafu juu ya kope zake, juu ya shingo, juu ya kidole cha pete. Pete ilikuwepo. Alimsikia akishusha pumzi.

"Ya lini?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kama ni ya harusi, haina haraka. Kama ni ya kuhamia mji mwingine kukwepa maneno ya watu, naihitaji leo."

Nyuma yao mama alikohoa, akawaambia wasichana wote wakaanue nguo uani. Msichana mmoja akasema nguo hazijakauka. "Basi mkazitazame zikikauka," mama akasema, akatoka nao, akauacha mlango wazi kidogo ili asikie vizuri.

Barafu aliinamia kaunta. "Kama hunitaki, ungeniambia mimi. Kwa nini uliambie kanisa?"

"Sikuliambia kanisa kitu."

"Ulisimama."

"Nilisimama, ndiyo."

"Aliposema asimame, ukasimama. Nimepiga simu mpaka kidole kimeota sugu. Wiki nzima najikagua. Nimejiuliza, ni kukoroma? Dada yangu amemwambia nakoroma? Nimeacha kuvaa zile kandambili za kijani ulizosema zinakutia aibu. Nimemuuliza hata mteja, mama mtu mzima, niko nyuma ya jokofu lake, namuuliza, mama, mimi nina harufu?"

Mvuke alitaka kucheka na kulia, na vyote vikakwama mahali pamoja. Akashika ukingo wa kaunta. Akamwambia. Hakuremba. Alimwambia moyo, vidole, dari ya asubuhi, baba, njia nzima ya kanisa iliyokuwa ndefu kuliko siku zote. Alimaliza akasubiri, na kusubiri kule kulikuwa kubaya kuliko benchi la mbele.

Uso wa Barafu ulifunguka taratibu, kama mtu aliyepewa habari kwamba mgonjwa wake hajafa.

"Kwa hiyo hukunikataa."

"Nilikuwa natafuta mlango."

"Mlango tu."

"Mlango tu, Barafu."

Akapiga kaunta kwa kiganja. "Basi si tatizo. Tutalitafuta liko wapi. Kuna dawa, kuna mazoezi, kuna yule jamaa anayeshauri watu redioni. Nitachukua likizo. Tutafuatilia hatua kwa hatua, hitilafu lazima itaonekana, tukishaiona tunaondoa, tunafunga, wewe unakuwa..."

"Ninakuwa nini?"

Alisita. "Sawa. Unakuwa sawa."

"Mimi si jokofu."

"Sijasema..."

"Umesema. Umeshanifungua mgongo unatafuta waya." Sauti yake ilitetemeka, lakini aliiacha itetemeke. "Ukinioa ili unitengeneze, siku ukishindwa utafanyaje? Utaniweka nje ya karakana na yale mengine yasiyopoza?"

Neno hilo lilimwingia. Mvuke aliliona likimwingia, akajuta, lakini hakulirudisha. Barafu aliitazama mikono yake, ile mikono iliyozoea kupata jibu kwa bisibisi, akaiweka juu ya kaunta kama vifaa asivyojua kazi yake.

"Basi nifanye nini?" aliuliza, na safari hii aliuliza kweli.

"Ikinijia, ukae."

"Nikae."

"Ukae karibu. Usishike kitu, usitafute kitu. Hata Mungu mwenyewe ndicho ninachomwomba. Kukaa."

"Nikae tu," alisema tena, kama mtu anayepokea kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa. "Nitajaribu. Mikono nitaitia mfukoni."

Alinyanyua macho, macho yao yakakutana kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na Mvuke akahisi joto likimpanda kutoka miguuni ambalo halikuwa la pasi. Barafu alisogeza kidole kimoja kwenye kaunta mpaka kikagusa cha kwake. Kilikuwa baridi kama kawaida. Hakuna aliyekiondoa.

Mlango wa mbele ukasukumwa. Mama yake Barafu alikuwa amechoka kungoja kwenye gari.

"Mmemaliza? Mchungaji anafunga ofisi." Alikuwa na mkoba mkubwa mweusi na mwavuli, mvua iwepo isiwepo. "Binti, shikamoo siidai, lakini jibu nalidai. Mwanangu amekuwa gumzo. Una kizuizi au huna?"

"Shikamoo, mama. Sina kizuizi. Nina hofu."

"Hofu ya mwanangu?"

"Hofu tu. Inanishika, nashindwa kupumua. Ndiyo iliyonisimamisha."

Mama mkwe alimtazama. "Mwenye imani haogopi," alisema.

Mlango wa uani ukafunguka wote. Mama yake Mvuke aliingia na kapu la nguo mbichi kiunoni. Hakuwa amefika hata kwenye kamba.

"Karibu, mama mwenzangu," alisema. "Mwaka jana radi ilipopiga katikati ya ibada, nani aliingia chini ya benchi? Imani ilikuwa imesafiri?"

"Ile ilikuwa radi."

"Na huyu ana radi yake. Tofauti ni kwamba ya kwako tuliisikia sote."

"Mama," Mvuke alisema.

"Usiniambie 'mama'. Nimenyamaza wiki nzima, nimerudishiwa mashati na wateja."

Mama mkwe alihamisha mwavuli mkono wa kushoto. Hakukasirika kama walivyotegemea. Alionekana kama mtu aliyekumbushwa baridi ya sakafu. "Mimi sina chuki na binti yako," alisema polepole. "Nachukia mwanangu kuachwa amekaa mbele ya watu peke yake. Baba yake alitoka siku moja kununua betri za redio, hajarudi mpaka leo. Mtu akitoka mlangoni, mimi siwezi kuvumilia." Akamgeukia Mvuke. "Kesho lisomwe, sawa. Na ukisimama tena?"

Mvuke alijua jibu zuri ni lipi. Ni kusema sitasimama, na kila mtu aende nyumbani kwa furaha. Lakini lisingekuwa la kweli, na alikuwa amechoka kuficha.

"Nikisimama, nitarudi," alisema.

"Utarudi."

"Nitarudi, mama. Ndiyo ahadi niliyo nayo."

Walikwenda kwa mchungaji, wakamkuta ameshika funguo, wakamwambia asome.

Jumapili Mvuke hakukaa mbele. Alikaa benchi la mlangoni, Barafu upande mmoja, mke wa mchungaji upande wa pili, mwisho kabisa. Watu waliona, wakanong'onezana, wakachoka kunong'ona. Mama mkwe alikuwa ametangaza kwamba yeye anakaa mbele kama alivyokaa miaka yote, na pale mbele alionekana, kilemba chake kimesimama wima, peke yake kwenye benchi la familia.

Usiku Mvuke alikuwa amelala vipande vipande. Alifunga na kufungua kifungo cha mkono wa gauni, akafunga, akafungua. Barafu alikiona kifungo, mkono wake ukaanza kwenda kukisaidia, akajikumbuka, akautia mfukoni.

Mchungaji alifika kwenye matangazo. Alisafisha miwani muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Leo, mwenye kizuizi anifuate ofisini baada ya ibada," alisema. "Kusimama, kila mtu asimame kwa haja zake."

Kanisa likacheka, na Mvuke pia alicheka, na ndipo ilipomjia, katikati ya kicheko, bila hodi. Mchungaji alikuwa ametamka jina lake la ubatizo. Vidole vikafa ganzi. Kuta zikasogea. Kaa hapa, alisema moyoni, kaa hapa, kaa hapa, na moyo ukazidi kukimbia, akasimama, akatoka.

Nje kulikuwa na jua na bomba la maji linalovuja. Aliegemea ukuta kwa viganja vyote viwili, kichwa chini. Alisikia viatu vya Barafu vikija, vikasimama karibu. Havikuzunguka. Havikwenda kutafuta maji wala kiti wala mtu. Barafu alikaa chini ukutani na suti yake ya kijivu, kwenye vumbi, mikono mfukoni, akatulia.

"Bwana, kaa hapa," Mvuke alisema kwa sauti, kwa sababu moyoni palikuwa na kelele mno. "Naogopa. Nakupenda na naogopa. Kaa hapa."

Tone lilidondoka bombani. Likadondoka jingine. Ndani hakukuwa na sauti yoyote, kanisa zima linangoja, na hilo peke yake lingetosha kumpeleka nyumbani kama wiki iliyopita. Barabara ilikuwa pale. Aliitazama. Kisha alitazama chini, akaona viatu vya Barafu vilivyong'arishwa kwa makini, na mchumba wake akimwangalia bila kuuliza, jasho likimtoka kwa kazi ya kutofanya kitu.

Pumzi moja iliingia mpaka chini. Ya pili ikakwama njiani. Ya tatu ikaingia.

"Twende," alisema.

"Imeisha?"

"Haijaisha. Twende nayo."

Barafu alisimama, akajipangusa, na sasa akatoa mkono mmoja mfukoni. Mvuke akaushika.

Walipofika mlangoni walisimama ghafla. Nafasi yao kwenye benchi la nyuma ilikuwa imekaliwa. Mama mkwe alikuwa ameketi pale, ameacha benchi la mbele tupu mbele ya watu wote, amekaza shingo, mkoba mweusi ameuweka pembeni yake kwa upana wa watu wawili. Macho yalionyesha kwamba alikuwa amelia, lakini asingekubali.

Hakutabasamu. Aliunyanyua mkoba akauweka mapajani.

"Kaeni," alisema. "Mnamchelewesha mchungaji."

Mvuke akakaa. Moyo bado ulikuwa unakwenda mbio, na kifungo cha gauni kilikuwa kimekatika. Alipogeuka kuangalia mlango, kama alivyojua ataendelea kuuangalia Jumapili nyingi zijazo, aliona kwamba haukuwa umefungwa. Chini yake, ukiuzuia usijirudishe, kulikuwa na mwavuli.

Mchungaji akavaa miwani, akaanza kusoma upya.